Bunge la Uingereza lilimshinda mfalme lini hasa? Fuata mfuko wa fedha

Swali limetoka kwa mwalimu wa historia wa kidato cha tano. Anasema wanafunzi wamemkaba kwa majibu matatu yasiyopatana. Kitabu kimoja kinasema madaraka ya mfalme wa Uingereza yalivunjwa na Magna Carta mwaka 1215, kingine kinasema ni 1649 mfalme alipokatwa kichwa, na cha tatu kinasema ni 1688, katika Mapinduzi Matukufu. Mmoja wao akaongeza: "Kama walimkata kichwa, mbona mwaka 1660 walimrudisha mwanawe, na mbona mpaka leo mfalme yupo?" Mwalimu anataka jibu litakalosimama mbele ya darasa.

Mwalimu, huyo mwanafunzi amegusa penyewe, na ukimjibu vizuri utakuwa umefundisha mada nzima. Kosa la vitabu vyote vitatu ni kutafuta siku moja, kana kwamba madaraka ni kiti ambacho mmoja anainuka na mwingine anakalia. Madaraka ya mfalme yalikuwa mambo matatu yaliyofungwa pamoja: nani anatoa fedha za kuendesha serikali na jeshi, nani anaamua bunge likutane lini na livunjwe lini, na nani anachagua mawaziri. Hayakuhama pamoja. Fedha zilihama kati ya 1689 na 1698. Ratiba ya vikao ilifuata nyuma yake, ikapata sheria yake 1694. Uchaguzi wa mawaziri ulichukua muda mrefu zaidi, hadi 1835. Miaka ya 1215 na 1649, ambayo wanafunzi huikumbuka kwa sababu ina panga na shoka, haikuhamisha hata moja kati ya hayo matatu moja kwa moja.

Shika la kwanza, la fedha, maana ndilo lililoyaburuta mengine.

Kanuni ya kale ilikuwa kwamba mfalme aishi kwa mali yake. Mapato ya mashamba yake, ada za mahakama, na haki zake za kikabaila juu ya waliopewa ardhi, hayo yamtoshe wakati wa amani. Kodi ilikuwa jambo la dharura, hasa vita, na kodi ilibidi aiombe kwa wenye mali. Hapo ndipo Magna Carta inapoingia. Ibara ya 12 ya hati ambayo Mfalme John aliikubali kule Runnymede, Juni 1215, ilisema michango fulani isitozwe bila shauri la pamoja la ufalme. Bunge halikuwapo bado. Shauri hilo lilikuwa la maaskofu na mabaroni. Papa Innocent III aliibatilisha hati hiyo Agosti mwaka uleule, vita vikaanza, John akafa Oktoba 1216, na ilipotolewa upya mwaka huo ibara ya 12 iliachwa nje. Toleo lililodumu ni la 1225, na hilo Henry III alilitoa kwa malipo: alipata kodi ya sehemu moja ya kumi na tano ya mali zinazohamishika. Darasani ningeutilia mkazo zaidi mwaka 1225 kuliko 1215, kwa sababu hapo ndipo biashara yenyewe inaonekana. Mfalme anataka fedha, wenye fedha wanataka haki, na kila upande unajua kwamba mkono mtupu haulambwi.

Karne mbili zilizofuata zilitengeneza soko la biashara hiyo, nalo ndilo bunge. Simon de Montfort aliita wawakilishi wa wilaya na wa miji mwaka 1265, Edward I akafanya hivyo tena 1295 kwa sababu alihitaji fedha za vita. Kufikia 1407 Henry IV alikubali kwamba utoaji wa kodi uanzie kwa wawakilishi hao na utangazwe kwa mdomo wa Spika wao. Katikati ya hayo wafalme wawili waliondolewa kitini, Edward II mwaka 1327 na Richard II mwaka 1399. Lakini aliyekalia kiti baada yao alikuwa na nguvu zilezile. Mwanafunzi akielewa hapo kwamba kumwondoa mfalme si sawa na kuuondoa uwezo wake, mwaka 1649 hautamshangaza.

Kabla ya kuendelea, safisha neno moja. Kwa Kiswahili tumezoea kuliita lile bunge la chini Bunge la Makabwela. Jina hilo linampoteza mwanafunzi, kwa sababu ndani yake hamkuwa na kabwela hata mmoja. Walikuwa wenye mashamba, wanasheria na wafanyabiashara wakubwa, na waliowachagua vijijini ilibidi, tangu sheria ya 1429, wawe na ardhi ya kuingiza angalau shilingi 40 kwa mwaka. Ugomvi wa karne ya 17 ulikuwa wa matajiri na mfalme wao. Hilo likieleweka, mengi yanajieleza: Henry VIII alipozivunja nyumba za watawa na ardhi yao ikauzwa, wanunuzi walikuwa watu wa aina hiyohiyo. Taji likapoteza kitega uchumi, na waliokinunua wakawa ndio wanaokaa bungeni kuamua kama mfalme apewe kodi.

Sasa njoo kwa Charles I, na hapa usikimbie.

Alipoanza kutawala 1625, Makabwela waligoma kumpa ushuru wa forodha wa maisha kama walivyozoea kuwapa waliomtangulia. Walitaka kumpa wa mwaka mmoja tu. Akautoza bila idhini. Akawalazimisha wenye mali "kumkopesha", na waliokataa akawafunga bila kutaja kosa. Mwaka 1628 bunge lilimwekea mezani Ombi la Haki lenye mambo manne: hakuna kodi bila bunge, hakuna kifungo bila sababu iliyotajwa, askari wasilazwe kwenye nyumba za raia, na sheria za kijeshi zisitumike wakati wa amani. Aliridhia, naye akapata kodi. Ni biashara ileile ya 1225. Mwaka uliofuata alitaka kuahirisha kikao, na siku ya tarehe 2 Machi 1629 wabunge wawili, Denzil Holles na Benjamin Valentine, walimkandamiza Spika John Finch kwenye kiti chake asiweze kuinuka, maana Spika akiinuka kikao kimekwisha. Maazimio yakasomwa huku amekaliwa. Kisha mfalme akalivunja bunge na kukaa miaka 11 bila kuliita.

Mwulize mwanafunzi: aliishije miaka 11? Hapo utaona kama ameelewa. Charles alichimba kila haki ya kale aliyoweza kuikumbuka, na kubwa kuliko zote ilikuwa fedha za meli. Desturi iliruhusu miji ya pwani itakiwe meli, au thamani yake, wakati wa hatari. Mwaka 1634 aliidai pwani, 1635 akaidai nchi nzima, hata wilaya ambazo hazijawahi kuiona bahari. Dai la 1635 lilikuwa karibu pauni 200,000 na karibu zote zilipatikana. John Hampden wa Buckinghamshire alikataa kulipa shilingi 20 alizopangiwa. Hazikuwa kitu kwake, alitaka kesi. Majaji 12 walisikiliza, 7 wakawa upande wa mfalme na 5 upande wa Hampden. Mmoja wa wale saba alikuwa John Finch, yule Spika aliyekaliwa, sasa akiwa jaji mkuu wa mojawapo ya mahakama kuu. Mfalme alishinda kesi, lakini kura tano dhidi yake ziliwapa watu ujasiri, na kufikia 1639 wengi waliacha kulipa.

Kilichomwangusha ni gharama. Alijaribu kuwalazimisha Waskoti watumie kitabu kipya cha sala mwaka 1637. Wakashika silaha, na Agosti 1640 wakauteka Newcastle. Katika mapatano ya Ripon alikubali kuwalipa pauni 850 kila siku, mpaka amani ipatikane. Andika namba hiyo ubaoni kwa chaki kubwa. Bunge aliloliita Novemba 1640 hakuweza kulivunja kama alivyozoea, kwa sababu kila siku iliyopita ilikuwa na deni lake la pauni 850, na wa kulilipa ni bunge tu. Ndani ya miezi tisa walipitisha sheria ya kuitwa kwa bunge angalau kila miaka 3, ambayo ilikuwa na meno: mfalme asipoliita, wengine waliita kwa niaba yake. Walipitisha pia kwamba bunge lile lisivunjwe bila ridhaa yake lenyewe, wakafuta fedha za meli, wakafuta mahakama maalumu za mfalme, na kumhukumu kifo kwa sheria mshauri wake Strafford, aliyekatwa kichwa Mei 1641.

Mpaka hapo hakukuwa na haja ya vita. Vita vililetwa na Ireland, ulipozuka uasi Oktoba 1641. Jeshi lilihitajika, na hakuna aliyethubutu kumkabidhi mwenzake amri ya jeshi hilo. Tarehe 4 Januari 1642 Charles aliingia mwenyewe katika ukumbi wa Makabwela, nje akiwa ameacha mamia ya watu wenye silaha, kuwakamata wabunge watano: Pym, Hampden, Holles, Haselrig na Strode. Walikuwa wameshapata habari na kutoroka kwa mto Thames. Akamwuliza Spika William Lenthall wako wapi. Lenthall alipiga magoti, akajibu kwamba mahali hapo hana macho ya kuona wala ulimi wa kusema ila kama Bunge litakavyomwelekeza. Spika alikuwa mtu wa mfalme kwa desturi, tena alilipwa na mfalme, ndiyo maana jibu hilo lina uzito. Tangu siku ile hakuna mfalme wala malkia aliyekanyaga ukumbi huo wakati wa kikao. Hadi leo, mfalme anapofungua bunge, mjumbe wake hufungiwa mlango usoni na kulazimika kubisha mara tatu.

Sasa lile swali la mwanafunzi: kwa nini shoka la 30 Januari 1649 halikutosha?

Kwanza, mfuko. Ili kushinda vita, bunge lilitoza kodi kubwa kuliko Charles alivyowahi kuthubutu. Liliweka ushuru wa bidhaa za ndani mwaka 1643, na kwa jeshi jipya la 1645 pekee lilitoza zaidi ya pauni 53,000 kwa mwezi. Piga hesabu na wanafunzi: hiyo ni zaidi ya mara tatu ya fedha za meli kwa mwaka. Vita vilipokwisha, askari walidai mishahara iliyolimbikizwa, bunge likataka kuwatawanya bila kuwalipa yote, na jeshi likaingia siasani. Desemba 1648 Kanali Pride alisimama mlangoni na askari, akawazuia wabunge waliotaka kupatana na mfalme. Waliobaki ndani ndio waliomshtaki Charles. Kwa hiyo aliyemkata mfalme kichwa hakuwa bunge kwa maana halisi. Alikuwa jeshi, likitumia mabaki ya bunge. Aprili 1653 Oliver Cromwell, kamanda wa jeshi hilo, aliwatimua hata mabaki hayo na kuamuru askari waibebe siwa waiondoe. (Siwa hiyo ni dada wa ile inayolazwa mbele ya Spika wa Tanzania. Jina tumelitoa kwenye baragumu za enzi za watawala wa Lamu na Pate, na kwa maana ya alama ya mamlaka linafaa kabisa.)

Pili, sheria. Mipaka ya mfalme ilijulikana. Mipaka ya Bwana Mlinzi, cheo alichopewa Cromwell, haikujulikana. Mwaka 1657 bunge lake lenyewe lilimwomba awe mfalme, naye akakataa. Wanafunzi hudhani hilo ni kujipendekeza. Lilikuwa jaribio la kumfunga: mfalme alikuwa na karne nne za hukumu na sheria zinazosema hawezi hiki na kile, na Bwana Mlinzi hakuwa nazo. Alipokufa Septemba 1658 hakukuwa na chombo kilichoweza kuwalipa askari na kutii sheria kwa wakati mmoja. Jenerali Monck akashuka na jeshi kutoka Uskoti, na Mei 1660 Charles II akarudi.

Walimrudisha kwa posho. Bunge lilikadiria kwamba serikali inahitaji pauni milioni 1.2 kwa mwaka, likampa ushuru wa forodha na wa bidhaa kufikia kiasi hicho, maisha yake yote. Hapo walifanya makosa mawili, na ndiyo yanayoeleza 1688. La kwanza, walipima kwa makadirio ya siku ile. Mwanzoni mapato yalipungua, lakini biashara ya ng'ambo ilipokua ushuru uliongezeka wenyewe, bila mfalme kumwomba mtu. La pili, walipoandika upya sheria ya miaka 3 mwaka 1664 waliyang'oa yale meno. Machi 1681 Charles alilivunja bunge lililokutana Oxford baada ya wiki moja tu, na kwa ushuru huo pamoja na fedha za siri kutoka kwa Louis XIV wa Ufaransa hakuita tena hadi alipokufa Februari 1685. Ndugu yake, James II, aliyekuwa Mkatoliki, alipewa mapato makubwa zaidi, karibu pauni milioni 2 kwa mwaka, tena ya maisha. Akajenga jeshi, akaweka maofisa Wakatoliki kinyume cha sheria, na kudai uwezo wa kusimamisha sheria yoyote asiyoipenda. Alipopata mtoto wa kiume Juni 1688, yaani mrithi Mkatoliki, watu wakubwa saba walimwandikia mkwe wake, William wa Orange. William alitua Torbay tarehe 5 Novemba na askari karibu 15,000, na James akakimbilia Ufaransa.

Mwaka 1688 wenyewe, basi, ni wa meli na farasi. Kazi ya kuhamisha madaraka ilifanyika miaka kumi iliyofuata, kwa karatasi za hesabu.

Tarehe 13 Februari 1689, katika jengo la Banqueting House kule Whitehall, mahali palepale ambapo Charles I alikatiwa kichwa miaka 40 nyuma, William na mkewe Mary, binti wa James, walisomewa Tamko la Haki kisha wakapewa taji. Desemba likawa sheria, Hati ya Haki. Isome polepole pamoja na darasa kwenye kipengele cha fedha. Haisemi tu kwamba kodi bila idhini ya bunge ni haramu. Inaharamisha pia kutoza kwa muda mrefu zaidi au kwa namna tofauti na ilivyoidhinishwa. Maneno hayo ya muda yametoka moja kwa moja kwenye majeraha ya 1625 na 1685. Kisha bunge likayatekeleza: mwaka 1690 ushuru wa forodha, chanzo kikubwa kabisa, William alipewa kwa miaka 4 tu. Alilalamika sana kwamba haaminiwi, na alikuwa sahihi.

Jeshi nalo likafungwa kwa kalenda. Hati ilikataza jeshi la kudumu wakati wa amani bila idhini ya bunge. Machi 1689 kikosi kimoja cha Waskoti kiliasi kule Ipswich, na ikaonekana kwamba kwa sheria ya kawaida askari mtoro hawezi kuhukumiwa kijeshi wakati wa amani. Bunge likapitisha sheria ya maasi ya jeshini, lakini mara ya kwanza likaipa miezi michache tu, kisha mwaka mmoja mmoja. Isipoongezwa muda, ofisa hana uwezo wa kumwadhibu askari anayekataa amri. Iliendelea kuongezwa, isipokuwa miaka michache mwishoni mwa miaka ya 1690, na mrithi wake wa leo bado lazima ahuishwe na bunge kila miaka 5.

Halafu vita na Ufaransa. Viligharimu zaidi ya pauni milioni 5 kwa mwaka, na hapakuwa na mashamba ya mfalme wala ushuru wa maisha ambao ungetosha. Ikabidi kukopa. Mkopo kwa mfalme ulikuwa hatari. Charles II alikuwa amesimamisha kuwalipa wakopeshaji wake mwaka 1672, na wafua dhahabu wa London hawakusahau. Mwaka 1694 ikaanzishwa Benki ya Uingereza, iliyoikopesha serikali pauni milioni 1.2 kwa riba ya asilimia 8. Fedha hizo zilichangwa chini ya wiki mbili. Sababu ni kwamba riba ililindwa na ushuru uliotengwa kwa sheria ya bunge. Mkopeshaji aliliamini bunge, hakuhitaji kumwamini mfalme. Tangu hapo mfalme asiye na bunge hakukopesheka, na asiyekopesheka hakuweza kupigana. Ndiyo maana bunge limekutana kila mwaka tangu 1689, hata kabla ya sheria mpya ya miaka 3 ya 1694, ambayo William aliikataa mara ya kwanza mwaka 1693. Mwaka 1698 kazi ikakamilika: mfalme akapewa pauni 700,000 kwa mwaka za nyumba yake na utumishi wa kiraia, na jeshi, meli na madeni vikawa chini ya kura za bunge. George III alipoyakabidhi mapato ya mashamba ya taji mwaka 1760 na kupokea posho ya pauni 800,000, kanuni ya mfalme kuishi kwa mali yake ilikuwa imekufa.

Lakini usiwaache waandike kwamba baada ya 1689 mfalme alikuwa pambo. William alijiendeshea mwenyewe siasa za nje, akakataa miswada, akachagua na kufukuza mawaziri. Mara ya mwisho mswada kunyimwa ridhaa ni 1708, Malkia Anne alipokataa ule wa wanamgambo wa Uskoti, tena kwa ushauri wa mawaziri wake, wakati manowari za Ufaransa zikielekea huko.

Mawaziri walihama taratibu, bila sheria. Walihama kwa mazoea yaliyogeuka kanuni: waziri asiyeweza kupitisha bajeti hana faida kwa mfalme, hata akimpenda namna gani. Robert Walpole alidumu tangu 1721 kwa sababu alikuwa na imani ya mfalme na wingi wa kura kwa pamoja. Alipopoteza kura mwaka 1742 alijiuzulu ingawa George II alimtaka abaki. Cheo chake kilikuwa Bwana wa Kwanza wa Hazina, na hadi leo mlango wa namba 10 Downing Street una bamba la shaba lenye cheo hicho, si la Waziri Mkuu. Mwaka 1782 Lord North aliondoka vilevile, na George III aliyempenda akaandika rasimu ya kuacha ufalme. Mara ya mwisho mfalme kufukuza serikali yenye wingi ilikuwa Novemba 1834, William IV alipomtoa Melbourne na kumweka Peel. Uchaguzi ulifanyika, Peel hakupata wingi, akashindwa kura baada ya kura, na Aprili 1835 Melbourne akarudi. Hapo ndipo ningepigia mstari.

Kuna kipengele kimoja ambacho wanafunzi wa Afrika Mashariki watakifurahia. Sheria ya Urithi wa Ufalme ya 1701 ilitaka mtu yeyote mwenye cheo cha kulipwa na mfalme asiwe mbunge wa Makabwela. Kilifutwa kabla ya kuanza kutumika. Kingebaki, mawaziri wa Uingereza wangekaa nje ya bunge, kama Marekani, na kama makatibu wa baraza la mawaziri wa Kenya chini ya katiba ya 2010. Kilipofutwa, waziri akabaki mbunge, kama Tanzania ilivyo. Vilevile ibara ya 138 ya katiba ya Tanzania, inayokataza kodi isiyotokana na sheria ya Bunge, na ibara ya 210 ya Kenya, ni wajukuu wa kile kipengele cha 1689. Ibara ya 90 ya Tanzania inamruhusu Rais kulivunja Bunge likikataa kupitisha bajeti. Waache wabishane kama Charles I angeipenda.

Kwa vipindi viwili vya dakika 40, chora ubaoni jedwali lenye safu tatu: nani analipa, nani anaita na kuvunja, nani anachagua mawaziri. Chini yake weka miaka 1225, 1407, 1629, 1653, 1681, 1698, 1742 na 1835, na kila kikundi kijaze "mfalme", "bunge" au "jeshi" kwa kila kisanduku na kutaja sababu. Mwaka 1653 utawasumbua, na ni vizuri. Usiongeze mageuzi ya 1832 kwenye jedwali hilo, maana hayo yanajibu swali jingine, la nani anachagua bunge.

Tahadhari mbili za mtihani. Neno "Uingereza" kwa Kiswahili linabeba nchi mbili: kabla ya 1707 Uskoti ulikuwa na bunge lake, kwa hiyo Hati ya Haki ya 1689 ni ya upande wa kusini tu. Na tarehe: mwaka wa zamani wa Waingereza ulianza 25 Machi, ndiyo sababu nyaraka za wakati ule husema Charles aliuawa Januari 1648, na Hati ya Haki huorodheshwa rasmi kama sheria ya 1688. Mwanafunzi akileta tarehe hizo, usimkate alama kabla hujamwuliza amezitoa wapi.